Maisha ya Jean Depara, aliyepiga foto watu wakiwa na furaha

Mara nyingi maisha ya watu wakubwa tunayosoma ni ya wafalme, ya wanasiasa ao ya mapadri wa kwanza. Leo tunaleta maisha ya mtu wa kazi ingine. Hakuongoza chama, hakujenga kanisa. Alikuwa na kamera na flashi begani, na kwa karibu miaka 25 alitembea usiku na mchana mu Kinshasa akipiga foto watu wa kawaida: wacheza dansi, wamama wa moziki, vijana wenye kofia za kauboi, wapenzi waliokaa kwenye meza yenye chupa za bia. Jina lake ni Jean Depara. Alikufa mwaka 1997, na leo foto zake zinatundikwa mu majumba makubwa ya sanaa ku Ulaya.

Kuna wasomaji watakaouliza: huyu mtu wa Kinshasa anatuhusu nini sisi wa Likasi, na zaidi sisi wa Kamatanda? Anatuhusu sana. Mwezi wa 12 ukifika, mvua ikinyesha na maembe yakiiva, hata kwetu watu wanapamba parsele zao, wanavaa nguo mpya na kutafuta mtu wa kuwapiga foto. Zile foto zinakuwa wapi nyuma ya miaka 30? Maisha ya Depara yanaonyesha namna foto ya siku moja ya furaha inaweza kuwa historia ya inchi. Yanaonyesha pia namna inaweza kubaki bila jina la mtu hata mmoja.

Mtoto wa Kibokolo

Depara alizaliwa mwaka 1928 ku Kibokolo, kaskazini ya Angola, upande wa Uíge, si mbali na mpaka wa Kongo. Majina yake yote ni Lemvo Jean Abou Bakar Depara. Kule ni inchi ya Wakongo, kabila moja ambalo wazungu waligawanya: sehemu ikaenda kwa Wareno, sehemu kwa Wabeleji, sehemu kwa Wafaransa. Lakini wenyewe hawakuacha kuvuka ule mpaka. Wazombo, ambao ni Wakongo wa upande ule wa Kibokolo, walijulikana tangu zamani kwa kutembea na biashara yao. Tena chini ya Wareno kulikuwa na kazi ya nguvu, na watu wengi waliona afazali kuhamia Kongo ya Wabeleji. Mji wa Léopoldville, ambao leo ni Kinshasa, uliwapokea kwa wingi.

Njo maana mu historia ya foto ya Kinshasa tunakuta watu wa Angola kila mara. Mbele ya Depara kulikuwa Antoine Freitas, aliyetembea na kamera yake ya sanduku mpaka mu vijiji vya Kasai. Nyuma yake akaja Ambroise Ngaimoko, mwenye Studio 3Z. Sisi wa Likasi hatuwezi kushangaa juu ya jambo hili. Mji wetu pia ulijengwa na watu waliotoka mbali: Union Minière ilileta wafanya kazi toka Kasai, toka Rwanda na Burundi, toka Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia. Mtu akifika mgeni mu mji, foto ni kitu cha kwanza anachotafuta, juu ya kuwaonyesha wale aliowaacha nyumbani kama anaishi, anavaa na anakula.

Kamera ya ndoa

Mwaka 1950 Depara alikuwa na miaka 22 na alitaka kuoa. Juu ya ndoa yake alinunua kamera ndogo ya Adox, kitu cha Wajerumani. Hapo njo kazi yake yote ilianzia. Hakusoma masomo ya kupiga foto. Alitaka tu siku yake ya ndoa isipotee.

Mwaka uliofuata, 1951, akakaa Léopoldville. Kamera peke yake haikuweza kumlisha, basi akafanya kila kazi ambayo mikono yake iliweza: kutengeneza kinga, kutengeneza saa, kutengeneza kamera za wengine, kuuza vyuma vya zamani. Tuko na watu wa namna hii mingi mu Likasi. Anafungua redio leo, kesho anachomelea dirisha, kesho kutwa anarudisha uzima mu telefone iliyoanguka mu maji. Lakini kwa Depara ile kazi ya fundi ilimsaidia. Kamera ikiharibika, wapiga foto wengine walisimamisha kazi. Yeye aliifungua, akatafuta kilichokwama, akaifunga, akaendelea.

Tukumbuke namna foto ilivyotengenezwa wakati ule. Kamera nyingi zilitumia filmu yenye foto 12 tu, zile ndogo 36. Kila kipande kilikuwa na bei yake. Mpiga foto hakuweza kubofya mara 20 na kufuta zile mbaya, sawa vile tunafanya leo na telefone. Alipaswa kukadiria mbali ya mtu, kufungua kioo kiasi kinachofaa, kungoja, kisha kubofya mara moja. Nyuma yake aliingia mu chumba cha giza, akatia filmu mu dawa, akaiosha, akaikausha, akapitisha mwanga ku karatasi, na karatasi nayo ikaingia mu dawa. Kesho yake ao kesho kutwa mwenye foto alikuja kuilipa. Kama hakuja, hasara ilikuwa ya mpiga foto. Kwa hiyo mtu wa kazi ile alipaswa kujua uso wa kila mteja, na mahali anapopenda kukunywa.

Léopoldville, mji wa sehemu mbili

Wakati Depara alifika, Léopoldville ilikuwa imegawanywa kama miji yote ya Wabeleji, sawa na Elisabethville na Jadotville, jina ambalo Likasi ilichukua tangu mwaka 1931 mpaka 1966. Wazungu walikuwa na mji wao. Watu weusi walikuwa na cité yao, na usiku mtu mweusi hakuruhusiwa kutembea mu mji wa wazungu bila karatasi ya kumruhusu. Mchana alikuwa mfanya kazi, boyi, karani ao dereva wa mtu. Usiku, ndani ya cité, alikuwa mwenye wakati wake mwenyewe.

Hapo njo Depara aliweka kamera yake. Cité ya Léopoldville ya miaka ya 1950 ilijaa mabaa na miziki. Rumba ya Kongo ilikuwa inakua, maduka ya sahani yalikuwa yanarekodi orkesta mpya, na kila baa ilitaka orkesta yake. Mwaka 1954 kijana mmoja mpiga gitaa, aliyekuwa bado na miaka 16 tu, alimwomba Depara awe mpiga foto wake. Yule kijana ni François Luambo Makiadi, anayejulikana kwa jina la Franco. Miaka miwili nyuma yake, mwezi wa 6 mwaka 1956, Franco na wenzake walianzisha OK Jazz mu OK Bar. Kumfuata Franco ilikuwa kupita mu kila mahali ambapo mji ulicheza.

Depara akafungua studio yake, akaiita Jean Whisky Depara. Jina lenyewe linaonyesha alikuwa mtu gani. Hakutaka kujionyesha kama karani mtulivu mwenye tai na biblia. Alitaka watu wajue kama yeye pia ni mtu wa usiku. Alipita Oui Fifi, Sarma Congo, Kongo Bar, Champs-Élysées na mabaa mengine ambayo majina yao wazee wa Kinshasa wanayakumbuka mpaka leo.

Watu aliowapiga

Foto zake ni za rangi nyeusi na nyeupe. Zile za usiku zinajulikana mara moja: flashi inaangaza watu walio mbele, na nyuma yao ni giza, kama vile wametoka tu mu giza juu ya kutuangalia. Bibi mmoja ameshika bilauri na anacheka. Bwana mmoja ameegemea motokari, kofia imeshuka upande wa jicho moja. Wawili wanacheza karibu karibu, na mwanamume anaangalia kamera wakati mwanamke anaangalia mbali.

Alipiga sana wale vijana walioitwa Bills. Mu miaka ya 1950 filmu za kauboi zilikuwa zinaonyeshwa mu cité, na vijana wa Léopoldville walimpenda yule Buffalo Bill wa filmu. Wakavaa jini, fulari mu shingo, kofia kubwa. Wakatengeneza hata luga yao, iliyochanganya Lingala, Kifaransa na maneno waliyoyavumbua wenyewe. Wakubwa wa serikali waliwaona kama wahuni. Wazazi waliogopa. Depara aliwasimamisha mbele ya kamera yake sawa na vile wengine walisimamisha mashefu, akawaacha wajipange wenyewe, wakunje uso, waweke mikono ku mukaba.

Alipiga pia wamama wa moziki. Moziki ni chama cha wanawake marafiki. Wanachanga franga, kila mmoja anapokea kwa zamu, sawa na likelemba yetu, na siku ya kutoka wanavaa kitambaa kimoja, mushono mmoja, kitambaa cha kichwa kimoja. Wakati ule mwanamke mwenye kuishi peke yake mu mji hakuheshimiwa na wakubwa, na mu miji mingine ya Kongo alilipishwa hata kodi yake pekee. Mu foto za Depara wale wamama hawana alama ya haya. Wamekaa mstari mmoja, viatu vinang'aa, na mtu anaona kama walijitengeneza kwa siku nzima juu ya ile foto.

Na mchana Depara hakulala. Kuna foto zake za wanamichezo wenye misuli kando ya bwawa la kuogelea, wanajionyesha kama mu gazeti la Marekani. Kuna za wasichana wenye sketi fupi mu miaka ya 1960, wakati mushono wa Ulaya ulifika na wazee wakasema inchi imeharibika.

Foto za serikali na foto za Depara

Ili tufahamu uzito wa kazi hii, tuiweke pembeni ya foto zingine za wakati uleule. Serikali ya Wabeleji ilikuwa na ofisi yake ya foto, Congopresse. Wapiga foto wake walikuwa mafundi wazuri, na kati yao alikuwako Mukongo mmoja mwenye sifa, Joseph Makula. Lakini foto za Congopresse zilikuwa na kazi ya kuonyesha kama ukoloni ni mzuri. Zinaonyesha hospitali safi, masomo, karani mwenye nyumba ya matofari, bibi yake anashona, watoto wanasoma. Hakuna aliyelewa. Hakuna anayemwangalia mpiga foto kwa kiburi.

Kwetu Katanga ilikuwa vilevile. Union Minière ilipiga foto za kazi yake kwa wingi: viwanda vya Shituru na Panda, nyumba za kambi mu mstari ulionyooka, wafanya kazi mbele ya mashine, watoto wakipimwa uzito. Zile foto ziko na faida. Bila hizo hatungejua vizuri namna babu zetu walivyoishi. Lakini mtu mu foto ya kampuni ni wa kampuni. Amesimama pale alipoambiwa kusimama. Mara nyingi ni namba, ao ni mkono unaoendesha mashine.

Mu foto ya Depara mtu amekuja mwenyewe. Amelipa mwenyewe. Amechagua nguo, amechagua rafiki wa kukaa naye, amechagua uso wake. Hii njo tofauti kubwa. Foto ya serikali ilijibu swali la Wabeleji juu ya Mukongo. Foto ya Depara ilijibu swali la mtu mwenyewe: ninataka nionekane namna gani?

Wakati inchi ilipotetemeka

Tarehe 4 mwezi wa 1 mwaka 1959 watu walisimama ku Léopoldville na damu ikamwangika. Tarehe 30 mwezi wa 6 mwaka 1960 tulipata uhuru. Siku 11 nyuma yake, Katanga ikajitenga. Mu mwaka 1961 mji wetu wa Jadotville ukajulikana dunia nzima juu ya vita: askari wa Irlandi waliotumwa na ONU walizungukwa kwa siku tano mu mwezi wa 9, mpaka wakajitoa. Mpaka leo, foto za mji wetu za miaka ile zinazojulikana zaidi ku inje ni za wale askari.

Tunauliza: watu wa mji walikuwa wapi? Walikuwa hapa. Walioa, walibatiza, walizika, walicheza mupira, walikula Noeli. Ku Kinshasa, mu miaka ileile ya matata, Depara aliendelea kupiga foto watu mu mabaa. Kuna mtu anaweza kusema ile ni kazi ya mchezo, inchi inawaka moto na yeye anapiga foto wacheza dansi. Sisi hatuone vile. Wapiga foto wa magazeti ya Ulaya walikuja Kongo kutafuta vita, wakaipata, wakarudi kwao. Kama kusingekuwa watu sawa na Depara, wajukuu wetu wangeamini kama mu mwaka 1961 hakuna Mukongo aliyecheka.

Mu mwaka 1965 Mobutu alichukua mamlaka. Mwaka 1966 miji ikabadilisha majina: Léopoldville ikawa Kinshasa, Elisabethville ikawa Lubumbashi, Jadotville ikarudia jina lake la Likasi. Mwaka 1971 inchi ikaitwa Zaïre, suti na tai vikaachwa, abacost ikaingia. Na tangu mwaka 1975 Depara mwenyewe akabadilika: akawa mpiga foto wa bunge. Kwa miaka 14, mpaka alipostaafu mwaka 1989, mtu wa Oui Fifi na Sarma Congo alipiga foto wabunge wamekaa mu viti vyao. Mwaka uleule wa 1989, mwezi wa 10, Franco akafa. Hatumulaumu Depara juu ya kwenda bungeni. Mshahara wa kila mwezi ni kitu mtu mwenye familia hawezi kukataa. Lakini ni foto za mbele ya 1975 njo zinamfanya akumbukwe.

Jina lake lilipata njia ya Ulaya

Miaka yake ya mwisho ilikuwa miaka mibaya ya Zaïre: pora za 1991 na 1993, franga isiyo na bei, studio zinazokosa filmu na karatasi. Foto ya rangi ilikuwa imechukua nafasi, na hakuna mtu aliyetafuta tena foto nyeusi na nyeupe za usiku wa zamani. Depara alikuwa bado na negatifu zake. Mu ile miaka ya 1990 watu wa Revue Noire, gazeti la sanaa ya Afrika lililoanzishwa ku Paris mwaka 1991, walianza kuzitafuta na kuzionyesha. Alikufa mwaka 1997, mwaka ule Mobutu alianguka.

Heshima kubwa ilikuja nyuma ya kifo. Mwaka 2010 Revue Noire ilitoa kitabu cha foto zake za Kinshasa, toka 1951 mpaka 1975. Mwaka 2015 foto zake zilitundikwa ku Fondation Cartier, mu yale maonyesho makubwa ya Paris yaliyoitwa Beauté Congo, pamoja na kazi za wachoraji na wapiga foto wa Kongo wa miaka karibu 90. Wazungu walisimama mstari mrefu juu ya kuona foto ambazo pale mwanzo ziliuzwa kwa franga kiloko kwa mtu aliyetaka kumbukumbu ya siku yake.

Tunafurahi, na tuko na maumivu pia. Angalia maandishi ya chini ya zile foto. Mara nyingi inaandikwa tu kama foto haina kichwa, na miaka kwa kukadiria, tangu 1955 mpaka 1965. Yule bibi anayecheka hana jina. Yule Bill mwenye kofia hana jina. Wenyewe walijulikana mu parsele yao, mu bulabara yao, mu kanisa yao. Walilipa foto ili wakumbukwe, na sasa dunia nzima inawaangalia bila kuwajua. Pengine wajukuu wao wanapita mu Kinshasa leo na hawajui kama sura ya nyanya yao imetundikwa ku Paris. Depara alifanya kazi yake: aliwapa sura. Jina halikuwa kazi ya mpiga foto peke yake. Ilikuwa ya familia, ya jirani, ya mtu yeyote mwenye kalamu.

Na sisi wa Kamatanda?

Mji wetu unajua kupoteza foto. Mu 1992 na 1993, wakati majirani wetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa, maelfu walilala ku stesheni ya Likasi siku na siku wakingoja treni. Mtu alibeba mtoto, godoro, sufuria. Albamu haikuwa kitu cha kwanza. Mu mwaka 2003, wakati zaidi ya wafanya kazi 10,000 wa Gécamines waliachishwa kazi kwa ile mipango ya kuondoka kwa hiari, familia mingi zilihama, zikagawanyika, vitu vikauzwa ao vikaachwa. Mu zile albamu kulikuwa na nini? Kulikuwa na Noeli na Bonane ambapo Mukatanga na Mukasai walikaa ku meza moja. Kulikuwa na siku kuu ya kazi, tarehe 1 mwezi wa 5, wafanya kazi wanapita mbele ya wakubwa na watoto wanakimbia pembeni. Kulikuwa na ubatizo ambapo mama wa ubatizo alikuwa jirani wa kabila ingine. Zile foto zingekuwa leo mashahidi wazuri kuliko maneno ya mwanasiasa yeyote.

Kuna mtoto wa Katanga aliyefahamu jambo hili mbele yetu. Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alichukua foto za zamani za wafanya kazi wa Union Minière, akazipandikiza mu foto zake mwenyewe za viwanda vya Gécamines vilivyokufa. Ile kazi, aliyoiita Mémoire, ya mwaka 2006, ilitembea dunia nzima. Wale watu wa zamani wamesimama mbele ya mabati yaliyooza kama watu wanaodai kitu. Lakini Baloji alipata zile foto juu ya kampuni ilizitunza. Foto za parsele zetu hakuna kampuni inayozitunza.

Leo Kamatanda ina mgodi wake na wachimbaji wake, na wageni wenye kamera wakija wanataka kuona shimo, vumbi, na kijana mwenye mufuko wa mawe mugongoni. Ni kweli, ile ni maisha yetu, na haifai kufichwa. Lakini kijana yuleyule, siku ya Bonane, anaoga, anavaa shati nyeupe, anamshika mchumba wake mkono na wanasimama mbele ya ukuta uliopambwa na karatasi za rangi. Mpiga foto wa mtaa anamwambia anyanyue kidevu kiloko. Ile foto ya pili nayo ni Kamatanda. Mgeni hataipiga, juu ile siku hayuko.

Wapiga foto wetu wa mtaa, wale wanaongoja ku mulango wa kanisa siku ya ndoa na wale wanaotandika foto chini ku barabara siku mbili nyuma ya défilé, wanafanya kazi ya Depara. Mara mingi tunawabishia bei na tunawaona kama watu waliokosa kazi ingine. Telefone nazo zimewapunguzia wateja. Lakini telefone ikiibwa ao ikianguka mu ndoo, Bonane tano zinaenda pamoja nayo. Foto ya karatasi, ikiwekwa mbali na maji na muchwa, inaweza kufika kwa mjukuu.

Basi tunaomba kitu kidogo. Mwezi huu wa siku kuu, chukua ile bahasha ao ile albamu iliyo chini ya kitanda cha mama. Kaa naye wakati angali na macho na akili. Muulize huyu ni nani, huyu ni nani, hapa ni wapi, ilikuwa mwaka gani. Andika nyuma ya kila foto kwa kalamu ya risasi, maana wino unapenya na kuharibu sura. Andika majina yote, hata ya yule jirani aliyeondoka na treni, hata ya mtoto aliyekufa. Na mpiga foto akija siku ya Bonane, mulipe bei yake, mulipe foto ya karatasi, kisha umuombe aandike jina lake pia nyuma.